Gari Halina Kosa

Akina mama wenzangu, mwezi huu naomba tuzungumze juu ya gari. Najua wengine mtashangaa na kusema, "Sista, sisi tumezoea utuandikie habari za chanjo na kuharisha kwa watoto, leo imekuwaje umeingia gereji?" Ngojeni kidogo. Anayekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa kwetu Kerende husikia mengi kabla hajaitwa kupimwa presha, na miaka hii ya karibuni neno moja limezidi mengine: gari la baba.

Si gari lolote. Nasema yale magari ya mbio, mafupi, yaliyoinama karibu na ardhi, yenye bomba la moshi linalonguruma na bawa dogo nyuma. Hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na vijana wetu waliopata fedha, huyu katika dhahabu ya Nyamongo, huyu katika biashara ya ng'ombe, huyatamani kuliko nyumba ya bati.

Na mwenye gari hilo ukimgusa kwa neno, atakujibu kama wakili mahakamani. "Gari halina kosa, ni petroli mbaya." "Gari halina kosa, ni fundi." "Gari halina kosa, ni barabara." Limekaa chini ya mwembe mwezi wa pili sasa, kuku wametaga chini yake, na bado halina kosa.

Zamani wazee wetu wa Kikurya walisifia fahali wao namna hiyo hiyo. Hata akichechemea, alikuwa "amechoka na safari tu." Kwa hiyo si jambo geni. Lakini fahali hakuwahi kupewa kazi ya kumpeleka mama hospitali usiku.

Kosa lilikuwa langu pia

Mdogo wake mume wangu alinunua gari la aina hiyo. Jina la kampuni silitaji, maana halitusaidii kitu. Aliuza ng'ombe watano, akaongeza na akiba yake, na baba mkwe hakufurahi. Siku alipolileta tulikuwa tumekusanyika kwa chakula nyumbani kwa wazee. Mimi, kwa mdomo wangu huu mwepesi, nikasema mbele ya watu wote, "Shemeji, hilo ni jeneza lenye redio."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Aliniambia taratibu, "Shemeji, iko siku gari hili litakubeba wewe mwenyewe."

Tangu siku ile hakukubali kwamba gari lake lina tatizo hata moja. Lilipovuja maji, alijaza chupa nne za maji akaziweka nyuma, akasema ni kawaida. Taa ya injini ilipowaka, alisema ni waya tu. Mkewe alipokaribia kujifungua, nilimshauri kliniki, kama ninavyowashauri wote, afanye mapatano mapema na dereva wa mchomoko jirani. Shemeji alikataa. "Watu watasema nini? Mimi nina gari, na mke wangu apande mchomoko?"

Ndugu zangu, lile lilikuwa neno langu likifanya kazi yake.

Uchungu ulianza usiku wa mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Waliondoka vizuri. Kwenye mlima, mshale wa joto ukapanda. Fundi yeyote angewaambia wasimame wazime injini, lakini kusimama ni kukubali kwamba gari lina kosa, na yeye alikaza mwendo. Mvuke ukafunika kioo cha mbele na injini ikazima. Walikaa pale gizani zaidi ya saa nzima, hata kijana wa bodaboda alipopita akaenda kuwatafutia mchomoko. Mtoto alizaliwa ndani ya mchomoko ule, kabla ya kufika kituoni.

Mimi nilikuwa zamu. Mtoto alilia vizuri, lakini mama alikuwa akitokwa damu nyingi. Nyinyi mliowahi kuona mnajua. Damu ya nusu lita baada ya kujifungua tayari ni hatari, na ikiendelea bila tiba, mama anaweza kufa katika muda wa saa mbili tu. Tulimchua tumbo, tukamchoma sindano ya kuusaidia mfuko wa uzazi ujikaze, tukamtundikia maji, akapelekwa mbele kuongezewa damu. Mungu alisaidia, akapona.

Nilipotoka nje kumpa shemeji habari, nilimkuta ameketi kwenye benchi, shati limelowa. Aliniangalia akasema, "Shemeji, gari halina kosa. Ni rejeta tu."

Nilifungua mdomo nimjibu kama nilivyozoea. Kisha nikaona mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nikanyamaza. Pale ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa anatetea gari. Alikuwa anatetea ng'ombe watano, hasira ya baba yake, na kicheko kile nilichokianzisha mimi. Angekiri kwamba gari ni bovu, angekuwa amekiri yote kwa pamoja.

Je, waume zetu wanasema uongo?

Tangu hapo nilianza kuuliza mafundi na madereva wa zamani, maana sikutaka tena kusema nisilolijua. Nilichogundua ni kwamba wenye magari haya wana nusu ya ukweli.

Wengi wao husema, "Magari ya mbio ndiyo yaliyoshinda Safari Rally, na njia ile ilikuwa ngumu kuliko hizi zetu." Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na tope la masika. Mwaka 1971 Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lilichukua nafasi ya kwanza na ya pili. Mwaka 1973 aina hiyo ilishinda tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya hivyo hivyo. Basi anayesema magari haya ni makaratasi matupu hasemi kweli.

Lakini kuna nusu ya pili. Magari yale hayakwenda peke yake. Yalifuatwa na mafundi na spea njiani, na miaka ya baadaye hata ndege na helikopta zilitumika. Kilichochakaa kilibadilishwa pale pale, wala hakikungoja mwisho wa mwezi. Na bado yalikufa njiani kwa makundi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalianza magari zaidi ya themanini na yakamaliza saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye hakuwa na gari la michezo. Alikuwa na Peugeot 404, gari la familia. Peugeot 404 ndilo pia lililompa ushindi Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, mwaka 1966 na 1967. Porsche, pamoja na sifa zake zote duniani, ilipata nafasi ya pili mwaka 1978, na siku ile mshindi alikuwa Peugeot 504.

Yuko pia Joginder Singh wa Kenya, aliyeitwa Simba. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mtu huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Alilisikiliza gari lake kama mama anavyomsikiliza mtoto usiku, akijua kilio cha njaa na kilio cha ugonjwa. Kwa hiyo waume zetu wanaposema "ni matunzo," wanasema kweli. Swali letu liwe hili: je, matunzo yenyewe yapo?

Mambo ambayo mama anaweza kuyajua

Huhitaji kuwa fundi. Mimi mwenyewe siwezi kufungua hata plagi. Lakini mambo haya mafundi walinieleza, nami naona yanafanana sana na mwili wa binadamu.

La kwanza ni oili. Magari mengi ya aina hii yana turbo, kifaa kidogo kinachosukuma hewa ndani ya injini, ambacho huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kinachokilinda ni oili safi. Kuchelewa kumwaga oili ni kama mgonjwa wa presha kuacha vidonge kwa sababu leo anajisikia vizuri.

La pili ni mkanda wa taimingi. Injini nyingi za magari hayo zinao, nao una umri wake, mara nyingi kilomita laki moja. Gari lililotumika Japani miaka mingi laweza kuwa limekaribia au limepita. Mkanda huu haukohoi wala haupigi kelele. Siku ukikatika, injini nyingi huharibika papo hapo. Anayenunua gari na asijue ulibadilishwa lini, aubadilishe.

La tatu ni joto. Gari likiendeshwa huku linachemsha, silinda hedi huweza kupinda na gasketi kuungua, maji na oili vikachanganyika mpaka oili ikafanana na chai ya maziwa. Ukarabati ambao ungekuwa wa rejeta peke yake unakuwa wa injini nzima. Mshale ukipanda, kusimama ni hekima.

La nne ni petroli na barabara. Injini nyingi za namna hii huko kwao zilitengenezewa petroli ya daraja la juu na lami laini. Gari lililo chini hugongwa na mawe tumboni. Hapa mume akilaumu barabara, mkubalie. Kisha muulize kwa upole: ikiwa twajua barabara yetu ilivyo, tunalipa gari hili kazi gani, na kazi ipi tusilipe?

Tuseme nini nyumbani?

Kwanza, tusimdhihaki mwanamume mbele ya watu. Nimeona matunda yake, sitarudia. Dhihaka humfanya mtu ashikilie hata kile ambacho moyoni amekwisha kukikataa.

Pili, wekeni daftari. Andikeni kila shilingi inayoingia kwenye gari: petroli, oili, spea, fundi. Usiliandike kwa siri kama polisi. Liandikeni pamoja, jioni, chai ikiwa mezani. Daftari halina mdomo mkali kama wangu, na mwisho wa mwezi husema kweli yote. Pengine mtaona gari lina gharama mnayoiweza. Pengine mtaona limekula ada ya mtoto. Vyovyote, mtaamua mkiwa mnajua.

Tatu, na hili nalisema kama muuguzi, mpango wa kujifungua usitegemee chombo kimoja, hata kama kimetoka kiwandani jana. Kila mjamzito ajue mapema atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, fedha iko wapi, nani anaweza kumchangia damu, na chombo cha pili ni kipi kama cha kwanza kikishindwa. Namba ya dereva iandikwe ukutani ambapo hata mtoto ataisoma. Na jueni kwamba upo mpango wa taifa wa usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga uitwao m-mama. Mnapiga namba 115 bila malipo, nao hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jirani aliyeandikishwa.

Dalili hizi hazingoji gari lipoe: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Nne, tumpe mwanamume njia ya kurudi. Mtu hawezi kutoka nje ya nyumba uliyoifunga mlango. Badala ya kusema "nilikuambia," sema "tufanyeje sasa?"

Mimi nilikwenda kwa baba mkwe, katika kusanyiko kama lile la kwanza, nikaomba radhi kwa neno langu mbele ya watu wale wale. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Shemeji hakusema kitu, ila alinisogezea kiti.

Gari hakuliuza. Alibadilisha rejeta, akatengeneza silinda hedi, na sasa huliendesha siku za kawaida, kwa njia nzuri, mchana. Lakini nyuma ya mlango wao namba ya dereva wa mchomoko imeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wake mwenyewe, na daftari lipo juu ya kabati. Bado husema gari halina kosa. Mkewe hutabasamu, huku amempakata yule binti aliyezaliwa njiani, na kumwuliza, "Ni kweli, baba. Mwezi huu limekula ngapi?"

Naye siku hizi humtajia.