Likizo na watoto: Chagua hoteli kwa maswali, si kwa picha

Shule zikikaribia kufungwa, maswali ninayoulizwa kliniki hubadilika. Hivi karibuni mama mmoja alimleta mwanawe mwenye kikohozi. Tulipomaliza, akafika mlangoni, akageuka. "Dokta, nisaidie na jingine. Tunawapeleka watoto Dar kwenye michezo ya maji. Hoteli gani nzuri ya kulala?"

Nilimwelewa. Sisi wenyewe mji wetu tunauita mji kasoro bahari, kwa hiyo mtoto wa Kihonda au Kilakala akiambiwa anakwenda kuiona bahari, usiku halali. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, safari hiyo ni ya chini ya saa mbili. Wapo wazazi wanaokwenda Kunduchi kwenye mabomba makubwa ya kuteleza na kurudi siku hiyo hiyo. Wengine hulala siku mbili au tatu. Wengine huelekea upande wa pili, Mikumi, watoto wakaone tembo na twiga.

Mama yule sikumtajia jina la hoteli. Mpishi mzuri huhama, na bwawa lililokuwa safi mwaka jana linaweza kuwa limetelekezwa mwaka huu. Nilimpa maswali ya kuuliza, na leo nakupa na wewe, mzazi mwenzangu. Ila kwanza nikueleze nilivyojifunza, maana sikujifunza chuoni.

Nilichagua kwa picha

Miaka michache iliyopita mimi na mume wangu tuliwapeleka watoto pwani. Hoteli niliichagua mwenyewe kwenye simu. Picha zilikuwa nzuri: bwawa la buluu, miavuli, minazi. Sikuuliza kitu chochote zaidi ya bei na kifungua kinywa.

Siku ya pili mchana tulikaa pembeni mwa bwawa tukisubiri chakula. Watu wazima tulikuwa wanne, pamoja na shemeji na mkewe. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, akicheza upande wa kina kifupi. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Nilichosikia ni ndoo ya plastiki ikianguka kwenye sakafu. Mhudumu wa usafi, dada aliyekuwa akipiga deki, aliitupa ndoo yake akajitosa na nguo zake zote. Alimtoa mwanangu chini ya maji, hatua nne kutoka nilipokaa.

Mtoto hakupiga kelele, wala hakurusha maji. Sakafu ya bwawa lile ilishuka ghafla na hapakuwa na alama wala kamba. Mwokoaji hakuwepo. Kila mmoja wetu wanne alidhani mwingine anamwangalia. Mimi ni daktari, na mtoto wangu aliokolewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kudeki.

Alikohoa, akalia, akapona. Usiku ule sikulala, na tangu hapo hoteli siichagui kwa picha.

Bwawa kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hawezi kuita, kwa sababu mdomo wake uko majini. Dakika chache zinatosha.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, piga simu hotelini uulize: Bwawa la watoto limetengwa na la watu wazima? Limezungushiwa uzio? Kina kimeandikwa? Yupo mwokoaji, na anakuwepo saa ngapi hadi saa ngapi? Ukijibiwa "mwokoaji wa nini, bwawa letu ni dogo tu," umeshapata jibu lako.

Ukifika, simama ukingoni utazame chini. Kama huoni sakafu ya bwawa vizuri, usimwingize mtoto. Maji yenye ukungu yana uchafu, na mtoto akizama humo hataonekana. Mvalishe nguo ya rangi kali kama nyekundu au ya chungwa, kwani ya buluu hupotea majini. Maboya ya kupuliza ni vitu vya kuchezea, hayamwokoi mtu.

Na muhimu kuliko yote, pangeni zamu. Mtu mzima mmoja, robo saa, bila simu na bila soga. Zamu ikiisha anamkabidhi mwingine kwa kutamka: "Sasa ni wewe." Kwa mtoto mdogo au asiyejua kuogelea, mwangalizi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Likitokea la kutokea, usimning'inize mtoto kichwa chini eti maji yatoke. Kama hapumui, mpulizie pumzi na kumkandamiza kifua huku mwingine akiita msaada. Mtoto aliyetolewa majini, akiendelea kukohoa, kuhema kwa shida au kusinzia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tumbo halijui nyota za hoteli

Hapa ndipo ninapobishana na wazazi wengi. Wanaamini chakula cha hoteli kubwa ni salama na cha mama ntilie ni hatari. Mimi naangalia moto.

Vijidudu vya kuharisha huzaliana kwa kasi kwenye chakula kilicho vuguvugu. Wali na mchuzi uliotoka jikoni sasa hivi, mvuke ukipanda, ni salama kuliko bufee iliyopangwa tangu saa sita mchana na wewe unaifikia saa tisa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala friji. Wali una ujanja wake: ukikaa nje muda mrefu huweza kutengeneza sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Mtoto huanza kutapika saa chache tu baada ya kula.

Kwa hiyo ukifika mgahawani, usianze na menyu. Nenda kanawe mikono. Kama kuna maji yanayotiririka na sabuni, na choo ni safi, jiko lao nalo lina nafuu. Kama sabuni hakuna, jiulize aliyekata kachumbari alinawa kwa nini. Mtazame mhudumu: anayepokea hela na anayeshika chapati ni mkono mmoja? Nyama mbichi na iliyoiva zinakatiwa ubao mmoja?

Kisha agiza kwa akili. Chakula kinachopikwa ukiwa unasubiri: chipsi mayai, samaki wa kukaanga, ndizi, ugali wa moto. Mishikaki na kuku viive hadi ndani, visiwe na wekundu karibu na mfupa. Kachumbari na saladi acha, kama hujui zimeoshwa kwa maji gani. Juisi ya kusaga huongezwa maji, na barafu ni maji yale yale. Kugandisha hakuui vijidudu. Wape watoto maji ya chupa ambayo kizibo chake umekifungua mwenyewe, na tunda unalolimenya mwenyewe, chungwa au ndizi mbivu.

Ndiyo, bei ina maana yake. Lakini mama ntilie mwenye sufuria inayochemka na ndoo ya maji yenye koki na sabuni, mimi ningempa mwanangu ale kwake. Hoteli ya gharama yenye samaki aliyepoa mezani ningempita.

Chumba cha kulala

Chumbani shika chandarua kwanza. Kikunjue mchana, hesabu matundu, hakikisha kinafika chini ya godoro kitanda kizima. Kama watoto wanalala wawili, wasibanwe hadi miguu iguse wavu, maana mbu huuma kupitia hapo. Ukiona kimechanika, omba kingine mapema. Ukiogopa usumbufu, beba cha kwako kutoka nyumbani.

Mbu wa mchana ni habari nyingine. Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya homa ya dengue, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji yaliyotuama katika vyungu vya maua, makopo na matairi. Ukiona hoteli ina vitu hivyo vimejaa maji bustanini, hata bustani ikipendeza, tafuta kwingine. Wapake watoto dawa ya kufukuza mbu kwa kufuata umri ulioandikwa kwenye kopo.

Ukipewa chumba cha ghorofani, angalia veranda. Kama kichwa cha mtoto kinapita kati ya nondo, omba chumba cha chini. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata mkiwa mnasikia baridi. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, likizo hujakatazwa. Lakini uchovu, kiu na maji baridi vinaweza kumwamshia maumivu. Mtoe majini kila baada ya muda mfupi, mfute, mvishe nguo kavu, mnyweshe maji hata kama hajaomba. Mwenye pumu asilale kwenye chumba kinachonuka rangi mpya au kilichotoka kupuliziwa dawa ya mbu, na dawa yake ya kuvuta iwe kwenye mkoba wa mkononi, isiachwe kwenye begi kubwa. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima kumshika karibu, hata kama hajaanguka mwaka mzima. Mwenye kisukari anayetumia insulini, uliza kama kuna friji, na chakula kinatoka saa ngapi. Mgahawa wa kusubirisha saa mbili haumfai.

Kwa wote, uliza swali moja zaidi: hospitali au kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na usiku usafiri unapatikana? Kwa wanaolala Mikumi swali hili lina uzito, maana ukiwa porini usiku hutoki tu ukasimamisha bodaboda. Bebeni kadi za bima.

Akiugua huko huko

Weka kwenye begi pakiti kadhaa za ORS, vidonge vya zinki, paracetamol na kipimajoto. Mtoto akianza kuharisha, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, umalize au umwage ndani ya saa 24. Wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki kwa watoto wa chini ya miaka mitano apewe siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita. Usinunue dawa za kuua vijidudu kwa kubahatisha, wala dawa za kufunga kuharisha. Na mtoto anayeharisha asiingie bwawani; atawaambukiza wenzake.

Mpeleke hospitali haraka akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, macho yakizama, akiacha kukojoa, akilegea au akipata degedege.

Homa nayo usiipuuze mkisharudi nyumbani. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, dengue siku nne hadi kumi. Apimwe, na mwambie daktari mlikuwa wapi. Homa ikiwa haijajulikana, mpe paracetamol tu. Aspirini, ibuprofen na diclofenac ziepuke, maana dengue huweza kuleta kutoka damu.

Usiogope kuondoka

Wazazi wengi huona kasoro lakini hukaa, kwa sababu wameshalipa, au wanaona aibu, au watoto wamesharukia maji. Nakuambia kama ningemwambia mdogo wangu: kuuliza maswali si ushamba. Kama unaweza, lipa usiku mmoja kwanza, uone, ndipo uongeze. Kama mfuko hauruhusu kulala sehemu nzuri, nenda asubuhi urudi jioni. Mtoto atakumbuka bomba la kuteleza, hatakumbuka mapazia.

Mama yule wa mlangoni aliyaandika maswali nyuma ya cheti cha dawa. Alipiga simu hoteli tatu, mbili zikashindwa kumjibu kuhusu mwokoaji. Alikwenda ya tatu, yenye picha mbaya kuliko zote. Wiki iliyopita nilimkuta Soko Kuu, watoto wamekuwa weusi kwa jua. Mdogo akaniamkia, "Shikamoo dokta, mimi najua kuogelea sasa."

Marahaba mwanangu. Lakini mama bado akae karibu.