Tamko la Chama cha Madereva wa Malori Kuhusu Kazi ya Mizigo Mikubwa

Sisi madereva wa malori ya masafa marefu, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa waajiri, Serikali na madereva wenzetu.

Barabara zetu sasa zinabeba mizigo ambayo zamani ilionekana kwa nadra. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za kuzalisha megawati 2,115, ilifika Rufiji kwa kazi ya madereva. Migodi ya Zambia na Kongo nayo inapokea mitambo yake kupitia mpaka wa Tunduma. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56. Kinachozidi hapo, kama hakigawanyiki, kinahitaji kibali maalumu na magari ya kusindikiza.

Mzigo unakaguliwa, dereva je? Mara nyingi anapigiwa simu jioni kwamba mwenzake anaumwa, alfajiri apande lobedi, yaani tela la chini la kubebea mitambo. Ana leseni ya daraja E, basi wanaona inatosha. Haitoshi hata kidogo. Kushuka mlima Kitonga na transfoma mgongoni si sawa na kushuka na saruji. Gia huchaguliwa ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu mzigo ukishaanza kukusukuma na breki zikapata moto, huna tena cha kuchagua. Minyororo hulegea baada ya mwendo mfupi wa kwanza, hivyo lazima usimame uikaze upya. Kwenye kona, tela refu hukata ndani na kufagia waliosimama pembeni. Nyaya za umeme zinataka ukijue kimo cha mzigo wako kwa kukipima, si kwa kukadiria. Haya hufundishwa na mtu aliyeketi kando yako kwa miezi.

Kwa hiyo tunataka ngazi inayoeleweka: semi ya kawaida kwanza, kisha lobedi chini ya dereva mzoefu, kisha mtihani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) waandae mafunzo hayo, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), yenye mamlaka ya kuthibitisha madereva, itoe cheti chake. Vijana wetu wanaotamani kazi hii kwa sababu ya kipato wana haki ya kuitamani, na tunawasihi wasiruke ngazi.

Malipo kwa tripu yakome kwenye mizigo hii. Msafara wa namna hii hutambaa, husubiri kibali, hulala mizani. Anayelipwa kwa tripu atakimbia, na atakimbia na mzigo ule ule. Alipwe kwa siku, kwa mkataba wa maandishi wenye bima.

Dereva atakayekataa kuondoka na gari lisilo na kibali asifukuzwe kazi. Akifukuzwa, chama kitasimama naye hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa gharama za chama.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji ya Chama.