KÖNIGSBERG INA JINA, WAPAGAZI WETU JE?



Wapo watu wanaotuambia kwamba vita vya 1914 katika nchi yetu vilikuwa vita vya waungwana. Wanatusimulia habari za Max Looff, nahodha wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na jinsi alivyowasumbua Waingereza miezi mingi ndani ya mikoko ya Rufiji. Nahodha anasifiwa, chombo kinasifiwa, hata adui aliyekizamisha anasifiwa. Sisi wa Kintinku tumezisoma habari hizo, na tuna neno la kusema.

Kwanza tukitendee haki chombo chenyewe, maana hatupendi kubishana na jambo tusilolijua. Königsberg iliteremshwa majini Kiel mwaka 1905, ikaanza kazi 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, na mabaharia wake zaidi ya 300. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, sitaha iliyokingwa kwa chuma kilichofikia unene wa milimita 80, na mwendo wa kilomita zipatazo 44 kwa saa. Haikuundwa kusimama kifua kwa kifua na manowari kubwa. Iliundwa kukimbia, kupeleleza na kuwinda meli za biashara.

Lakini chombo cha namna hiyo kina udhaifu mmoja: kinakula makaa ya mawe kama moto ulavyo nyasi. Bila bandari hakifiki mbali. Bandari haikai hewani. Inataka nchi, na nchi inataka watu wa kuitumikia. Nchi hiyo ilikuwa yetu, na watu hao walikuwa babu zetu. Hakuna aliyewauliza.

Manowari ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya Kiingereza, City of Winchester, upande wa Aden. Tarehe 20 Septemba, alfajiri, iliivamia manowari Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Baada ya hapo mtambo wake ukaharibika, ikarudi kujificha Rufiji. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua, wakailinda milango ya mto.

Hapa ndipo hadithi ya waungwana inapoanza kuficha mambo. Wanasema mitambo iliyoharibika "ilipelekwa" nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, kisha "ikarudishwa". Ilipelekwa na nani? Rufiji hapakuwa na reli. Ilibebwa na kuburutwa na Waafrika, kwa kamba na kwa mabega, kupitia msituni na topeni. Katika kitabu wamegeuka kuwa kitenzi tu: "ilipelekwa".

Waingereza nao walileta Severn na Mersey, vyombo visivyohitaji kina kirefu, pamoja na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuwaonyesha wapigaji shabaha. Shambulio la 6 Julai 1915 lilishindwa. La 11 Julai lilifaulu, na Looff akailipua manowari yake mwenyewe. Kwa mtunga hadithi wa Ulaya, mambo yakaishia hapo. Kwa Mwafrika mzigo ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Maana mizinga yote 10 iliopolewa, ikaburutwa mpaka Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikatawanywa nchini. Mmoja ulikwenda Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, ile ile tunayoijua kwa jina la Liemba. Ndugu, reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ilikuwa moja tu, nayo inapita Kintinku. Mzinga wa bahari ulipita hapa petu, mbele ya mashamba ya uwele, ukienda kupigania ziwa. Mizinga mingine ilinguruma Kondoa Irangi, Mei 1916. Kondoa haina reli. Tunauliza tena: nani aliivuta?

Na aliyevuta alihitaji kula. Wajerumani walichukua watu, ng'ombe na nafaka za Ugogo. Mwishoni mwa Julai 1916 Waingereza waliishika reli ya Dodoma mpaka upande wa Kilimatinde, nao wakachukua watu, ng'ombe na nafaka zilizobaki. Bendera ilibadilika, mkono wa kunyang'anya ulikuwa ule ule. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na vijana hawakuwapo. Ikaja njaa ya Mtunya, ya 1917 mpaka 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa Ugogo. Wagogo hao hawakuiona Königsberg hata siku moja, lakini vita vyake viliwafuata mpaka chunguni.

Wala tusijifiche nyuma ya Mzungu peke yake. Wengi wa askari waliowakamata wapagazi na kuwachunga kwa kiboko walikuwa Waafrika wenzetu. Ukweli wa nusu hautufai.

Sasa tutazame hesabu ya majina. Mabaharia wa Pegasus waliozikwa kisiwa cha Chapwani, Unguja, wana kaburi linalojulikana. Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Chuma kimehifadhiwa! Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa hawapungui 95,000 kwa hesabu za Waingereza wenyewe, na Dar es Salaam wanakumbukwa kwa jina la soko, Kariakoo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kukiri ni mwanzo mwema. Lakini ripoti ile ilihusu waliokufa chini ya Uingereza. Aliyekufa akivuta mzinga wa Mjerumani yumo katika orodha ya nani? Na mama aliyekufa kwa Mtunya kwa sababu mwanawe alichukuliwa, yumo katika orodha ya nani?

Watasema: hayo ni ya zamani, acheni wafu walale. Tunajibu: mbona nahodha hamumwachi alale? Kila mwaka mnamwamsha mumsifu.

Basi tusingoje London wala Berlin. Kila kijiji cha reli, kuanzia Bahi mpaka Manyoni, kikae na wazee waliosikia kwa wazazi wao, kiandike jina la kila aliyechukuliwa na hakurudi. Walimu wawape wanafunzi kazi hiyo. Daftari moja la shule latosha kuanza. Orodha zikishapatikana, tutazipeleka kwa serikali yetu, na serikali izipeleke kwa waliowachukua, Mjerumani na Mwingereza pamoja.

Manowari ile imekwisha kuliwa na tope la Rufiji, na hatuilii. Tunachodai ni majina ya watu wetu.