Ukiacha vidonge, mifupa ndiyo inayolipa

Mwezi huu nimeletewa swali na dada mmoja Mswahili anayeishi Amsterdam, nikaona nisilijibu pembeni. Mdogo wake alizaliwa mvulana, leo ni mwanamke. (Raha ya Kiswahili hiyo: “mdogo wangu” lilimfaa akiwa na kaptula, na linamfaa leo na gauni lake.) Ana miaka 43, alishafanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani zamani, na tangu mwaka juzi kaacha vidonge vya estrojeni. Kisa? Rafiki yake wa saluni kamwambia homoni zinakula mifupa. Sasa dada mtu anabembeleza, mdogo mtu hasikii, wameanza kununiana.

Jamani, hapo mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu!

Mfupa si jiwe. Kila siku kuna sehemu inabomolewa na nyingine inajengwa, kama nyumba isiyoisha ukarabati. Estrojeni ndiyo inayomzuia mbomoaji asizidishe, na si kwa wanawake tu, maana mwili wa mwanaume nao hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Sasa aliyeondolewa korodani hana tena kiwanda hicho. Akiacha na dawa, anabaki hana hii wala ile. Ni kama mama aliyekoma hedhi, ila huyu hajafika hata 45. Mifupa inapungua kimyakimya, haiumi, mpaka siku unateleza bafuni.

Wanaotumia estrojeni ipasavyo wamepimwa, na mfupa wa uti wa mgongo hubaki ulivyo au huongezeka kidogo. Hapo hapo Amsterdam kuna kliniki yenye kumbukumbu za watu hawa tangu 1972. Utafiti wake uliotoka 2020 uliangalia nani kavunjika. Kwa wanawake transjenda wa miaka 50 na zaidi ilikuwa asilimia 4.4. Wanaume wa umri wao, 2.4. Wanawake wa umri wao, 4.2. Yaani hatari yake ni ileile ya shoga zake wa rika lake, basi.

Kilichonigusa mimi ni kingine. Wengi wao walipopimwa kabla hata ya kumeza kidonge cha kwanza, mifupa yao ilikuwa tayari dhaifu kuliko ya wanaume wengine, na vitamini D iko chini. Hapo utamlaumu homoni gani? Mazoezi kidogo, jua kidogo. Na mtu anayekwepa macho ya watu atakwenda uwanjani saa ngapi? Dada yangu, badala ya kumnunia, mtoe mkatembee. Mifupa inapenda kubeba mzigo wa mwili. Maziwa, dagaa wa kuliwa na miiba yao, na sigara kama anavuta aiache.

Ila asirudie vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini! Estrojeni inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na aina na kipimo hutegemea umri na afya. Daktari wa homoni ndiye wa kuamua, pengine atampa ya kubandika kwenye ngozi. Na aombe kipimo cha uzito wa mfupa, kile cha kulala chini ya mashine dakika chache. Mwongozo wa Endocrine Society wa 2017 unawataja waziwazi walioacha homoni baada ya upasuaji kuwa ni wa kupimwa. Asiye na hatari nyingine anaweza kusubiri mpaka 60. Yeye asisubiri.

Na wale wa upande wa pili, waliozaliwa wasichana na sasa ni wanaume kwa testosteroni? Kwa kawaida mifupa yao inakaa vizuri, kwa sababu ileile ya testosteroni kugeuka. Lakini aliyeondolewa ovari halafu anaruka sindano miezi na miezi, naye aingie foleni ya kipimo.