Taa Usoni pa Mzee

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyolelewa, na hapa Magole mgeni hupewa kiti kabla hajaulizwa shida yake. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye mwenyeji haponi kwake. Ni yule anayekuja na kamera ya video na taa moja kali.

Mwezi Januari 2014 maji yaliingia Magole na Dumila. Nyumba zilianguka, mashamba yakaharibika, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Baada ya maji wakaja watu wa kamera. Sitawataja, kwa sababu wenye tabia hiyo ni wengi na nia yangu si kumshitaki mmoja. Walimketisha bibi jirani yangu, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, wakamwashia taa ya halojeni hatua mbili tu kutoka usoni. Bibi akakunja macho, jasho likamtoka, machozi yakamlengalenga. Machozi yale hayakuwa ya nyumba yake iliyoanguka. Yalikuwa ya taa.

Baadaye tulioneshwa picha. Paji la uso liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na macho yalikuwa mashimo mawili. Yule mama tuliyemfahamu, aliyegawa unga wake usiku ule wa maji, hakuwamo. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi ndivyo nilivyo?" Nilikosa jibu. Maneno haya ndiyo jibu langu, nalo limechelewa, maana yeye amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Nilimwuliza kijana mmoja wa kundi lile kwa nini wamefanya hivyo. Akasema, "Mzee wangu, ngozi nyeusi haishiki picha bila taa kali." Nasema wazi kwamba huo ni uongo, tena uongo wenye historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipima rangi za picha zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka vibaya. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya Mwafrika! Kosa halikuwa la ngozi yetu. Sasa mtoto wetu wenyewe analirudia kana kwamba ni elimu.

Mimi si fundi wa picha. Mimi ni mwalimu, niliyefundwa katika Chuo cha Ualimu pale Kigurunyembe, Morogoro. Huko tulifundishwa kwamba mwalimu asisimame akiipa dirisha mgongo, kwa kuwa wanafunzi wataona kivuli badala ya uso. Somo hilo latosha kuanzia. Chanzo kidogo cha mwanga hutupa kivuli kikali. Chanzo kipana kilicho karibu hutupa kivuli laini. Ngozi nyeusi hupendeza mno katika mwanga mpana unaotoka ubavuni, kwani hapo utaona mashavu, mikunjo na macho bila mng'ao wa kutisha.

Ndiyo maana napendekeza taa za tyubu, zile zile za darasani. Mwaka 1987 mafundi wa sinema kule Marekani, Frieder Hochheim na Gary Swink, walipokuwa wakipiga filamu ya Barfly, walihitaji mwanga laini katika vyumba vidogo, wakatumia mirija ya namna hiyo. Wao hawakuona haya. Kwa nini sisi tuone? Chukua mirija miwili ya futi nne, iweke kando ya kamera, juu kidogo ya usawa wa macho, na mbele yake tundika shuka jeupe. Haichomi kama halojeni, na mzee ataongea saa nzima bila kutoka jasho. Akiwa amevaa miwani, sogeza taa pembeni zaidi mpaka vioo viache kuakisi.

Yapo ya kuangalia. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu yenye choki ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa mizunguko 60 ya Marekani itaonyesha michirizi. Basi ipangwe kwa 50, au itumike balasti ya elektroniki. Zaidi ya hayo, mirija ina zebaki, kwa hiyo isivunjwe ovyo. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuikomesha ifikapo 2027. Itakapoadimika, taa za LED zitafaa vile vile, ilimradi zipite kwenye shuka. Lililo la msingi ni ulaini wa mwanga.

Wapo watakaosema huu ni udhaifu wa kutaka urembo, na kwamba mtu wa mafuriko sharti aonekane ana dhiki ili msaada uje. Hapo ndipo ninapogombana nao hasa. Dhiki ya bibi yule ilikuwa katika maneno yake, naye aliyasema vizuri. Kumwongezea dhiki kwa taa ni kumsingizia. Tena mwanga wa namna ile, wa kumulika machoni, tumezoea kuusikia katika habari za mshukiwa anayehojiwa na polisi. Mzee aliyepoteza nyumba ana kosa gani?

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Magole, ambao sasa mnarekodi wazee kwa simu zenu. Kabla ya kubonyeza, keti wewe mwenyewe katika kile kiti, uitazame ile taa. Ikikuumiza macho, izime. Kisha mwoneshe mzee picha yake kabla hujaondoka, naye akiuliza, "Hivi ndivyo nilivyo?", uweze kumjibu, "Ndiyo, bibi."