Mtafiti Akibisha Hodi kwa Mzee

Wiki hii tunawaelekea wazee walioanza kupotewa na kumbukumbu, na watafiti wanaofika majumbani kuwauliza maswali. Surat An-Nahl, aya ya 70, imekwisha kututajia umri unaomwondolea mtu ujuzi aliokuwa nao. Hata hivyo, katika nyumba zetu bado husemwa kuwa bibi amerogwa, au kuwa ni uzee tu, na mlango hufungwa.

Maradhi ya Alzheimer ndiyo sababu kubwa zaidi ya hali hiyo duniani. Kwa kuwa huja polepole, hayafahamiki vyema bila kuwafuatilia watu wengi, wa asili mbalimbali, kwa miaka mingi. Kuanzia 1992, Hugh Hendrie na wenzake wa Marekani na Nigeria waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan pamoja na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa vipimo vilivyolingana. Matokeo ya 2001 yalionyesha kuwa Ibadan maradhi haya yalizuka kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya Indianapolis. Jambo hilo lisingebainika kama ungepimwa mji mmoja.

Hapa nchini, wilayani Hai, mwaka 2009 na 2010 walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4 walikuwa na upotevu wa akili wa uzeeni. Hai ilifaa kwa kuwa kaya zake zilikuwa zikihesabiwa tangu miaka ya 1990. Baadaye kikatungwa kipimo kisichomwonea asiyejua kusoma: badala ya kuandika, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Wenye maradhi nao walikusanywa katika vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili.

Tuitazame sasa Kikuyu yetu. Safu moja ya swala ina Mgogo, Mrangi, Mnyamwezi na mtumishi aliyehamia juzi. Bibi aliyelelewa kwa Kigogo akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini ataonekana amesahau, kumbe hakuelewa. Asiye na cheti cha kuzaliwa aulizwe alikuwa na umri gani mwaka 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Wanawake waulizwe na wanawake wenzao, na ziara zisigongane na nyakati za swala wala msimu wa kulima.

Ugumu mkubwa huja baada ya ziara ya kwanza. Mzee anayezidiwa hupelekwa kwa mwanawe mji mwingine, au familia humficha kwa haya. Wakibaki wazima peke yao kwenye daftari, hesabu itasema maradhi ni machache, na Serikali nayo itapanga huduma kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo anayehama aage, na mtafiti aliyeahidi kurudi arudi, hata kama hana zawadi mkononi.

Kabla ya kukubali, tuulize. Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kiko wapi? Damu ikichukuliwa itapelekwa wapi, na itahifadhiwa kwa muda gani? Majibu ataletewa nani? Mzee akionekana mgonjwa, ataelekezwa kwa daktari gani? Ridhaa iombwe angali na akili zake, mbele ya mtu wa nyumbani anayemwamini, na iombwe upya kila ziara. Siku atakayosema hataki, au atakapogeuza uso na kuvuta mkono, hiyo ni kauli yake. Kidole gumba alichobonyeza miaka mitano nyuma hakiifuti.

Elimu itakayopatikana huenda isiwafikie wazee hawa. Itawafaa wana wao. Basi heshima yao leo ndiyo malipo ya kwanza wanayostahili.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atujaalie subira ya kuwahudumia. Wabillahi tawfiq.