MWEMA ANYAMAZAYE ANA SEHEMU YAKE

Wapo Wakristo wema wasemao: "Makaburu walioubariki ubaguzi hawakuwa Wakristo wa kweli. Sisi hatumo." Maneno hayo ni mepesi mno.

Tazameni Kanisa la Kiholanzi la Afrika ya Kusini. Mwaka 1857 sinodi yake ilikiri kuwa Maandiko yataka waumini wote wasali pamoja. Lakini kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, ikaruhusu wasio wazungu wasali mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1881 Machotara wakaundiwa kanisa la peke yao. Mwaka 1948 utengano ukawa siasa ya serikali.

Baada ya watu 69 kuuawa Sharpeville mwaka 1960, wajumbe wa kanisa hilo walikutana na makanisa mengine huko Cottesloe, wakaukosoa ubaguzi. Waziri Mkuu Verwoerd akachukia, na sinodi zikawakana wajumbe wao. Mchungaji Beyers Naudé hakurudi nyuma. Mwaka 1963 akapoteza uchungaji wake. Wema wangapi walibaki vitini, wakatoa sadaka, wakanyamaza?

Sisemi kila Mkristo ametenda dhuluma. Nasema alaye heshima ya kanisa ana deni la makosa yake. Profesa Willie Jonker alilijua hilo: huko Rustenburg, mwaka 1990, aliungama dhambi yake na ya kanisa lake pia.

Basi, ndugu, nia njema haitoshi. Wa kanisa, wa msikiti au wa chama, aonaye dhuluma nyumbani mwake na aseme humo humo, hata akinyang'anywa kiti.